Maji Yanayohitaji Kukauka

Leo tuzungumzie maji ambayo kwetu hakuna anayeyahesabu kuwa maji. Si bahari, si mto Pangani, wala si Zigi tunaoukinga mabombani mjini Tanga kutoka bwawa la Mabayani. Ni madimbwi ya msimu, yale yanayotuama wakati wa masika kwenye udongo mweusi wa mbuga, kuanzia nyanda za Umba mpakani na Kenya, ukashuka Mkinga, Muheza, Korogwe na Handeni, mpaka nyika za Mkwaja. Mengine yamo ndani ya mashimo ya kifusi yaliyoachwa na wajenzi wa barabara. Mvua zikikolea yanajaa. Kiangazi kikishika hubaki nyufa, na ng'ombe wanakatiza juu yake bila hata kuteremka.

Mtu akikuonyesha shimo la namna hiyo mwezi wa Septemba, akakwambia mna wanyama maelfu humo, wazima, utamcheka. Lakini wamo.

Ninayemkusudia ni mdogo, urefu wake sentimita moja mpaka tatu hivi, wa ukoo wa kamba na kaa. Mtoto wa pwani akimwona atasema ni uduvi, na hatakuwa mbali sana na ukweli. Ila si uduvi tunaouanika na kuupika kwa nazi. Ule ni wa bahari, huyu ni wa maji ya mvua tu. Kwa mazungumzo ya leo tumwite uduvi wa dimbwi. Wataalamu wanaliita kundi lake Anostraca, nalo lina spishi zaidi ya 300 duniani. Jenasi kubwa katika madimbwi ya Afrika yenye joto ni Streptocephalus, na hakuna bara lenye spishi nyingi za jenasi hiyo kuliko hili letu.

Hana gamba mgongoni. Mwili wake mwangavu. Ukimteka pamoja na maji kidogo kwenye kiganja unauona utumbo wake na chakula kilichomo. Macho mawili meusi yamekaa juu ya vikonyo. Chini ana jozi 11 za miguu, bapa na laini, na miguu hiyo haitulii usiku wala mchana. Ikipiga maji, mnyama anasogea. Ikipiga maji, anavuta oksijeni, maana matamvua yake yako miguuni. Na palepale inachuja miani midogo na bakteria, ikivisukuma ndani ya mfereji unaopita katikati ya tumbo hadi kinywani. Kutembea, kupumua na kula, yote ni kwa mpigo mmoja. Akitaka kupumzika miguu, atazama, atakosa hewa na atalala njaa.

Na huogelea chali. Tumbo juu, mgongo chini, maisha yake yote. Wale wenye shaka wanaweza kufanya jaribio: mtie uduvi kwenye glasi ya maji ndani ya chumba chenye giza, kisha mmulike kwa tochi kutoka chini ya glasi. Atageuka, tumbo lielekee tochi. Kwake yeye juu ni kule unakotoka mwanga, basi, na dimbwini mwanga hutoka mbinguni.

Dume utalitambua kwa kichwa. Papasi zake zimegeuka kuwa mikono mikubwa yenye matawi na vikulabu vya kumshikia jike. Kila spishi ina mikono ya umbo lake, hivyo mtaalamu anayetaka kujua ameshika spishi gani hutafuta kwanza dume, akatazama uso. Jike yeye ana mfuko wa mayai nyuma ya miguu. Mvua ikijaza dimbwi, mayai yaliyokuwa matopeni huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya wiki moja hadi mbili kifaranga amekuwa mtu mzima, ameshajamiiana na ameanza kutaga, mkupuo baada ya mkupuo, mpaka dimbwi likauke au umri uishe. Umri wenyewe ni wiki chache.

Sasa tufike kwenye yai, maana hapo ndipo penye habari yenyewe. Tukihesabu vizuri, uduvi wa dimbwi ni mnyama wa yai. Huku kuogelea ni kipindi kifupi anachokipitia ili apate mayai mengine.

Ndani ya yai kiinitete huanza kukua, kikifika hatua fulani kinasimama. Hakifi, kinasimama. Ganda nene linakizunguka, maji karibu yote yanatoka mwilini, shughuli za uhai zinashuka mpaka vipimo vinashindwa kuziona. Aliyechunguzwa sana kwa jambo hili ni binamu yake wa maji ya chumvi, artemia, yule ambaye wafugaji wa samaki hulisha vifaranga vyao. Katika yai la artemia kuna sukari iitwayo trehalosi, ambayo maji yanapoondoka huchukua nafasi yake na kuzuia protini na utando wa seli visiharibike. Mwaka 1972 mayai ya artemia yalisafirishwa na chombo cha Apollo 16 kwenda mwezini na kurudi, ili wanasayansi waone mionzi ya huko imeyafanya nini. Na artemia huyo si mgeni kabisa kwetu: aliletwa katika mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini ya Malindi, miaka ya 1980, akitokea asili yake Marekani, na hadi leo anazaliana.

Yai la uduvi wa dimbwi linalala juu ya tope lililokauka, jua linapiga, upepo unapuliza, kwato zinakanyaga. Mwaka mmoja si kitu kwake. Litastahimili na miaka kadhaa ya ukame, likisubiri.

Linajuaje kwamba wakati umefika? Si kila maji yanaliamsha. Maji ya mvua mpya yana chumvichumvi kidogo na oksijeni nyingi. Maji ya dimbwi linalokaribia kukauka yana chumvichumvi nyingi kwa sababu jua limeyapunguza. Mayai huanguliwa kwenye maji ya aina ya kwanza. Pia yanahitaji mwanga, kwa hiyo yaliyofukiwa chini sana hubaki yamelala mpaka kitu kiyafukue, jembe, kwato au pua ya ngiri. Kwa hesabu hizo tu, bila akili wala macho, yai linatofautisha dimbwi linaloanza na dimbwi linalomalizika.

Lakini kuna mtego, na wakulima wa Handeni wanaujua kuliko mimi. Ni ile vuli ya danganya toto. Inanyesha siku mbili, dimbwi linajaa, halafu jua linarudi na baada ya siku tano tope limekauka. Uduvi wote walioanguliwa wanakufa kabla ya kutaga. Kama mayai yote yangeanguliwa siku hiyo, dimbwi lingekuwa limemaliza ukoo. Hayaanguliwi yote. Katika kila mvua sehemu tu ndiyo inayoamka; nyingine, ijapokuwa imelowa maji yaleyale na kupata mwanga uleule, inakataa. Mkulima wa Handeni naye hamwagi mbegu zote shambani kwa mvua ya kwanza. Nyingine anaziacha ghalani. Tofauti ni kwamba mkulima anaamua, huyu hajaamua lolote. Walioangua yote kwa pamoja walikwisha zamani, tumebaki na vizazi vya wasioangua yote.

Na nikisema zamani, ni zamani kweli. Katika mawe ya Rhynie huko Uskochi, yenye umri wa kiasi cha miaka milioni 400, yamepatikana mabaki ya mnyama mdogo wa majini aliyeitwa Lepidocaris, jamaa wa karibu wa kundi hili, aliyeelezwa na Scourfield mwaka 1926. Tanga tunajivunia silikanti, yule samaki wa kale ambaye mwaka 2009 alitengewa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Sina ubaya naye. Lakini ukongwe ukiwa ndiyo sifa, basi kwenye shimo la kifusi pale njiani kuna ukoo unaoweza kukaa naye meza moja, na hakuna aliyeuwekea hata kibao.

Uduvi huyu hakai peke yake. Ana jirani ambaye sayansi ilimjua kwa mara ya kwanza kutokana na vielelezo vya hapahapa Tanga. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Waswidi, ukiongozwa na Yngve Sjöstedt, ulikuja kukusanya wanyama wa Kilimanjaro na Meru, na miongoni mwa vitu vilivyorudi Uswidi walikuwemo samaki wadogo wa Tanga. Mwaka 1907 Einar Lönnberg aliwaeleza, na leo wanaitwa Nothobranchius palmqvisti. Dume ana mkia mwekundu unaoonekana hata kwenye maji ya tope. Mwenzake wa bonde la Pangani, Nothobranchius vosseleri, alipewa jina mwaka 1924 kwa heshima ya Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani, katika taasisi ile ya utafiti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwenye milima ya Usambara.

Samaki hao nao wanaishi kwa mayai. Wanataga kwenye tope, dimbwi linakauka, wazazi wanakufa wote bila kubaki hata mmoja, mayai yanangoja. Masika yakirudi, wanaanguliwa siku moja na uduvi. Na kwa samaki huyo uduvi ni chakula. Hapo utajiuliza: basi mbona uduvi hawajaisha? Sababu ni mbio. Uduvi anahitaji wiki moja au mbili kufikia kutaga, na samaki kwa siku hizo za mwanzo bado ni mdogo, mdomo wake haujamtosha uduvi mzima. Samaki anapokuwa na nguvu za kumaliza dimbwi, mayai ya uduvi yameshazama matopeni kwa wingi. Anakula waliotaga.

Udongo nao una neno. Mchanga hautaweza kazi hii, maji yatapotea. Unatakiwa ule udongo mfinyanzi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukivimba unaziba chini, maji yanakaa. Ukikauka unabaki na unyevu kidogo sana ndani, wa kutosha mayai ya samaki. Ndiyo maana unaweza kukuta mashimo mawili, hatua mia baina yake, moja lina uhai wa kila namna na jingine ni maji matupu.

Watu huuliza uduvi walifikaje kwenye shimo la barabarani lililochimbwa juzi. Upepo hupeperusha mayai pamoja na vumbi. Vitwitwi na bata huyabeba kwenye miguu na matumboni. Ila mbebaji aliyewashangaza wengi ni tembo. Watafiti waliofanya kazi kusini-mashariki mwa Zimbabwe walikwangua tope lililoganda kwenye miti ambayo tembo, ngiri na wanyama wengine hujisugua baada ya kugaagaa, wakakuta humo mayai na wadudu wa madimbwini. Mnyama anaoga dimbwi moja, anatembea, anajisugua na kuoga dimbwi jingine. Sisi tuna tembo katika hifadhi za Mkomazi na Saadani, na katikati yao tuna ng'ombe wa Waparakuyo na Wamaasai wanaozunguka Handeni na Kilindi kutafuta maji. Kazi ileile.

Basi nini kinamwangamiza mnyama aliyeshinda ukame kwa miaka milioni mamia? Maji. Namaanisha maji yasiyokauka.

Dimbwi likikauka kila mwaka, perege na kambale hawawezi kuishi humo. Hiyo ndiyo salama yake yote. Uduvi hana mbio, hana miiba, hana sumu, hana pa kujificha. Samaki wa kudumu akiingia, mwezi haupiti. Sasa sisi, kwa nia njema kabisa, tunalichukua dimbwi tunalichimba liwe lambo, maji yakae mwaka mzima, halafu tunapandikiza perege. Sipingi malambo. Mfugaji wa Kilindi anayetembea kilomita nyingi kutafuta maji hana muda wa kunisikiliza habari za uduvi, na ana haki. Ninachosema ni kwamba lambo lichimbwe mahali pengine, kando, na dimbwi liachwe. Kuligeuza dimbwi la msimu kuwa bwawa la samaki ni kuangamiza viumbe wa aina moja na kuweka wa aina nyingine, na perege sisi tunao tayari wa kutosha mitoni. Tuna hadi spishi yenye jina la Korogwe, iliyoelezwa na Rosemary Lowe mwaka 1955.

Najua unachotaka kuniuliza. Na mbu je? Tunaishi mkoa ambao utafiti wa malaria una historia ndefu, Amani na Muheza, kwa hiyo swali ni halali. Sitakudanganya kwamba uduvi wa dimbwi anakula mbu. Yeye anachuja miani. Lakini tuangalie mbu mwenyewe anapenda wapi. Anopheles gambiae anapendelea vijishimo vidogo vyenye jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi, mashimo ya wafyatua matofali, maji mapya yasiyo na adui. Dimbwi kubwa lililokaa wiki kadhaa limeshaingiwa na watoto wa kereng'ende, mbawakawa wa maji na, kwa bahati yetu, wale samaki wa Lönnberg, na hao wote wanakula viluwiluwi vya mbu. Tangu mwaka 1941 F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki kuhusu Nothobranchius kama samaki wa kienyeji wa kupambana na malaria. Na pale ambapo ni lazima viluwiluwi viuliwe, nchi hii ina kiwanda Kibaha kinachotengeneza viuadudu vya kibaiolojia, bakteria ambao huua viluwiluwi vya mbu na kuwaacha jamaa wa kamba salama. Kumwaga oili chafu kunaua kila kitu, na mbu watarudi kabla ya wanaowala hawajarudi.

Kwa sumu, uduvi hawa ni dhaifu mno, na udhaifu huo umegeuzwa kuwa kazi. Kuna vipimo vinavyouzwa kwa maabara vikiwa na mayai makavu ya spishi moja ya Marekani, Thamnocephalus platyurus. Unayaloweka, yanaanguliwa, unawatia vifaranga kwenye maji unayoyashuku, unahesabu waliokufa baada ya saa 24. Huhitaji kufuga chochote, mayai yanakaa kabatini. Mkulima anayepuliza dawa ya wadudu kando ya dimbwi anafanya kipimo hichohicho, ila hakuna anayehesabu.

Wengine wameshamfikiria mnyama huyu vingine. Thailand wanamfuga na kumla, na spishi mojawapo ya huko, Streptocephalus sirindhornae, ilipewa jina la binti mfalme mwaka 2000. Marekani mwaka 1994 iliziingiza spishi kadhaa za California kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kisheria, na tangu hapo mjenzi wa nyumba huko hawezi kufukia dimbwi la msimu bila kuulizwa.

Kwetu mambo yakoje? Tanzania iko ndani ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2000, na mkataba huo unasema wazi kuwa ardhioevu ni pamoja na maji ya muda. Tuna maeneo manne kwenye orodha yake, makubwa yote, Malagarasi, Natron, Kilombero na Rufiji mpaka Kilwa, na hakuna hata moja mkoani Tanga. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ina zile mita 60 ambazo kila mwenye kiwanja amezisikia, za kingo za bahari, ziwa, mto na bwawa. Dimbwi halimo. Na mkoa huu sasa unachimbwa kuliko wakati wowote nilioushuhudia: barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima kuishia Chongoleani. Miradi hiyo siipingi. Nami nitapita kwenye hiyo lami. Lakini ukaguzi wa ardhi ukifanywa kiangazi, mkaguzi atakuta uwanja mkavu wenye nyufa na ataandika uwanja mkavu. Hatakuwa ameandika uongo. Atakuwa amekuja mwezi usiofaa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa halmashauri za vijiji, hasa za Mkinga, Pangani na Handeni, mnaokaa kuchora mipango ya matumizi ya ardhi. Zungukeni ardhi yenu mara moja mwezi wa Aprili kabla ya kuchora, muwe na wazee wanaojua maji hutuama wapi. Wekeni alama kwenye madimbwi yote, kisha chagueni machache, matatu au manne yanatosha, yasifukiwe, yasichimbwe kuwa malambo wala yasitiwe samaki. Ng'ombe waendelee kunywa humo, hawana madhara.

Na walimu wa sayansi mnaonisikiliza, kabla ya masika kufunguka chukueni tope kavu la juu kutoka katikati ya dimbwi, kiasi cha kujaza kikombe, mlitie kwenye beseni la maji ya mvua. Maji ya bomba yenye dawa hayafai. Liwekeni mahali penye mwanga. Siku ya pili waiteni wanafunzi, waje na kioo cha kukuzia.